Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Askari, Kumbukumbu na Kiwewe cha Vita katika Nchi ya Kilimanjaro

Msafiri atokaye Moshi mjini kwenda Himo, na kutoka hapo kuelekea Taveta, hupita katika nchi tulivu. Mkono wa kushoto mlima umesimama na theluji yake. Chini ya theluji upo msitu, na chini ya msitu vimejipanga vihamba vya migomba na kahawa vinavyonyweshwa na mifongo iliyochimbwa na mababu. Mkono wa kulia mbuga imetandaa, kame na pana. Si rahisi kwa kijana wa leo kuamini kwamba nchi hii iliwahi kuwa uwanja wa vita vya mataifa makubwa. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Vilima vya Salaita, Latema na Reata karibu na Taveta, kituo cha reli cha Kahe, na mlima Longido upande wa magharibi, vyote viliona damu baina ya 1914 na 1916. Makaburi ya askari waliokufa wakati huo yangali yakitunzwa Moshi na Taveta hadi leo.

Habari za mapigano hayo zimeandikwa katika vitabu vingi. Tunajua ni jeshi gani lilipanda kilima gani, siku gani, na jenerali gani aliliongoza. Lakini hapa tunakusudia kuuliza swali jingine, dogo kwa sura yake na zito kwa maana yake: mtu aliyepigana mwenyewe, akarudi nyumbani akiwa hai, aliandika nini juu ya yale yaliyompata moyoni? Na kama hakuandika, ni kwa nini? Swali hili halihusu vita vya Wajerumani na Waingereza peke yake. Linawahusu pia wazee wetu waliokwenda Burma, na linawahusu zaidi ndugu zetu waliovuka Mto Kagera katika vita vya 1978 na 1979, ambao wengi wao wangali wanaishi miongoni mwetu.

Maana ya maneno

Kabla hatujaendelea, yafaa tuelewane juu ya maneno mawili. Neno la kwanza ni kumbukumbu. Katika insha hii kumbukumbu ni maandishi ya mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe kwa kalamu yake au kwa kinywa chake. Maandishi hayo hayalingani na historia ya vita, ambayo hutazama majeshi kutoka juu kama ndege. Hayalingani pia na utenzi, ambao aghalabu husema kwa sauti ya jamii nzima, husifu, huonya na kumshukuru Mungu. Kumbukumbu husema: mimi nilikuwapo, niliona hili, niliogopa hivi.

Neno la pili ni kiwewe. Kiswahili kinalo neno hili tangu zamani, nalo ni hali ya mtu kupotewa na utulivu wa akili kwa sababu ya hofu kuu au jambo la kutisha. Linao ndugu zake: kihoro, yaani mshtuko na huzuni inayoukamata moyo, fadhaa, na jinamizi, ndoto mbaya inayomkaba mtu usiku. Askari mwenye kiwewe cha vita huweza kurudi nyumbani akiwa mzima wa viungo vyote. Lakini mlango ukigongwa kwa nguvu hushtuka na kujitupa chini. Usingizi humkimbia. Sura za waliokufa humjia bila kuitwa. Huwa mkali kwa watoto wake bila sababu, au hukaa kimya siku nzima, au hutafuta faraja katika pombe. Waganga wa Uingereza walianza kulijadili jambo hili mwaka 1915, wakidhani mwanzoni kwamba linatokana na mshindo wa mizinga. Waganga wa Marekani walilipa jina rasmi katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980, baada ya taabu nyingi za askari waliorudi kutoka Vietnam. Lakini tusidhani kwamba ugonjwa huu ulizaliwa siku ulipopewa jina. Wahenga wetu walikwisha kusema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Vita vya kale na njia za kale

Kilimanjaro ilijua vita kabla ya 1914. Mwezi Februari 1891 Wajerumani wakiongozwa na Wissmann walimshinda Mangi Sina wa Kibosho. Mwezi Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli wa Moshi waliwapiga Wajerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akafa kwa majeraha. Mwaka uliofuata von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, na Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi na watu wengine, jumla yao watu 19, akiwamo Mangi Ngalami wa Siha. Mabaki ya baadhi ya waliouawa yalipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba uchunguzi wa nasaba umewaunganisha mafuvu kadhaa na jamaa zao walio hai nchini kwetu. Miaka zaidi ya 120 ilikuwa imepita, na kidonda cha familia hizo hakijafunga.

Wapiganaji wa Meli na wa Sina hawakutuachia kumbukumbu zilizoandikwa. Lakini tusiharakishe kusema kwamba jamii za kale hazikujua kiwewe. Jamii nyingi za Afrika ya Mashariki zilikuwa na desturi juu ya mtu aliyemwaga damu vitani. Kwa Wanandi wa Kenya, kwa mfano, aliyemwua adui hakuingia nyumbani kwake moja kwa moja. Alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili, akakaa peke yake siku nne karibu na mto, mpaka atakaswe. Mgeni aliweza kuicheka desturi hiyo. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona ndani yake hekima: jamii ilikiri kwamba mtu aliyeua hakurudi jinsi alivyoondoka, na kwamba yampasa apewe muda, mahali na watu wa kumrudisha katika utu wake. Jeshi la kikoloni halikuwa na siku nne hizo. Lilimlipa askari ujira wake, likampa cheti na kumwambia aende zake.

Wala tusiseme kwamba Kilimanjaro ilikosa watu wa kuandika. Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyelelewa katika misheni ya Kilutheri, aliandika baina ya 1913 na 1916 madaftari tisa ya historia ya Wachagga. Madaftari hayo yalikuja kuwa hazina ya wanahistoria, na Kathleen Stahl aliyategemea sana katika kitabu chake cha 1964. Msomaji na atazame miaka hiyo tena: 1913 hadi 1916. Mtui aliandika habari za mamangi wa kale huku vita vya Wazungu vikipiganwa katika nchi iliyozunguka mlima. Naye Petro Itosi Marealle wa Marangu alichapisha mwaka 1947 kitabu cha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, akieleza desturi za Mchagga tangu kuzaliwa hata baada ya kufa. Kalamu, basi, ilikuwapo mlimani. Kilichokosekana ni kalamu hiyo kumfikia askari.

Vita Kuu na vitabu vya Wazungu

Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuitwaa Longido wakashindwa. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma kwa hasara pale Salaita. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, walipigana usiku kucha Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi; na katikati ya mwezi huo Moshi ikaingia mikononi mwao. Baada ya mapigano ya Kahe tarehe 21 Machi, vita vilielekea kusini kufuata Mto Pangani na reli ya Tanga.

Wazungu waliopita katika njia hiyo waliandika. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920. Ni kitabu cha kamanda: njia, risasi, chakula na ujanja wa kumchosha adui. Moyo wa mwandishi hauonekani humo ila kwa nadra. Ludwig Deppe, mganga aliyefuatana na jeshi hilohilo, alichapisha kitabu chake mwaka 1919, na sauti yake ni tofauti. Anakiri kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na watu wenye njaa. Hapo tunasikia dhamiri iliyojeruhiwa.

Upande wa Waingereza alikuwapo Francis Brett Young, mganga wa kikosi cha Rhodesia. Kitabu chake, Marching on Tanga, kilitoka 1917, vita vyenyewe vikiwa havijaisha. Anasimulia safari ya jeshi kutoka nchi ya Kilimanjaro kufuata bonde la Pangani: vumbi, kiu, homa na majeruhi. Msomaji huona jinsi mtu aliyezoea kutibu watu anavyochoshwa na kazi isiyo na mwisho. Brett Young alirudi kwao akiwa mgonjwa, akaacha uganga na kuishi kwa uandishi. Miaka mingi baadaye, katika riwaya yake ya 1930, aliirudia tena vita ya Afrika ya Mashariki. Kovu lilikuwa halijapoa.

Hayo yalitokea pia Ulaya. Siegfried Sassoon, afisa wa Kiingereza aliyetibiwa mwaka 1917 katika hospitali ya Craiglockhart na mganga W.H.R. Rivers, alitoa kumbukumbu zake za uaskari mwaka 1930. Robert Graves alitoa zake 1929. Ni vyema mwanafunzi aitazame miaka hiyo. Vita viliisha 1918. Watu hawa walihitaji zaidi ya miaka kumi kabla hawajaweza kuyatazama tena kwa ukamilifu yaliyowapata. Mwenye kiwewe hawezi kuharakishwa.

Askari na mpagazi

Ama kuhusu Mwafrika, yeye ndiye aliyekuwa wengi katika vita hivyo. Bila askari na mpagazi wa Kiafrika, si Lettow wala Smuts angeliweza kwenda hatua moja. Inakadiriwa kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa kwa upande wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam umelichukua jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi.

Nyasi hizo zilisema machache sana kwa maandishi. Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma katika shule za misheni, alisimulia katika maisha yake, yaliyochapishwa 1936, jinsi Wajerumani walivyomfunga wakati wa vita na kumpeleka Tabora. Maandishi yake ni ya thamani kwa sababu ni Mwafrika anayesema mwenyewe. Lakini Kayamba alikuwa mfungwa, hakuwa mpiganaji. Askari aliyelala Latema usiku ule wa Machi hana kitabu.

Alipewa sanamu. Mwaka 1927 Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Ni kazi nzuri ya shaba, na maandishi yake yanaahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao. Lakini shaba haisemi. Askari yule ameelekeza bunduki yake mbele, imara na bila hofu, milele. Na hivyo ndivyo watawala walivyopenda kumkumbuka.

Kuna habari moja inayosimuliwa ambayo inafaa walimu waitafakari. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Lettow ujira waliokuwa wakiudai. Wazee mamia kadhaa walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti vyao. Inasemekana kwamba mwakilishi aliyeleta fedha alimpa kila mzee fimbo ya ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata. Na kwamba hapana hata mmoja aliyeshindwa. Watu hucheka wasikiapo habari hii. Lakini hebu tuitazame upya. Miaka 46 ilikuwa imepita, na miili ya wazee hao ilikuwa bado inakumbuka kila amri. Ikiwa mkono haukusahau kwata, je, macho yalisahau maiti? Masikio yalisahau vilio? Hilo hawakuulizwa. Waliulizwa tu kama wanajua kubeba fimbo begani.

Kutoka Burma

Katika Vita vya Pili vya Dunia makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika waliingia jeshini. Walipigana Ethiopia na Bukini, kisha Burma. Batalioni za Tanganyika katika King's African Rifles, zikiwamo ya 26 na ya 36, zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyopita katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944. Matope, kupe, homa na Wajapani waliojificha msituni ndiyo yaliyokuwa maisha yao mpaka Desemba, walipofika Kalewa. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyopakia askari wa Afrika ya Mashariki ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na watu karibu 1,300 wakafa.

Hapo ndipo kalamu ilipoanza kumfikia askari. Wengi walijifunza kusoma na kuandika jeshini. Robert Kakembo wa Uganda alichapisha mwaka 1946 kitabu kidogo akieleza fikra na matazamio ya askari wa Kiafrika. Waruhiu Itote wa Kenya, aliyefika Burma na baadaye akawa jenerali wa Mau Mau, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1967. Anasimulia jinsi mazungumzo na askari wengine huko vitani yalivyomfungua macho: alijikuta akitetea milki isiyomjali. Vitabu hivi ni vya maana kubwa katika historia ya ukombozi wetu. Lakini tukiviuliza swali letu, vinajibu nusu tu. Vinasema vita vilimfundisha nini Mwafrika kuhusu siasa; havisemi kwa kirefu vilimfanya nini usiku alipolala.

Hata fasihi yetu ya Kiswahili ilielekea njia hiyo. Shaaban Robert aliandika utenzi mrefu juu ya vita vya 1939 hata 1945, uliochapishwa 1967. Lakini yeye alikuwa karani wa serikali, hakuwa mpiganaji. Kumbukumbu za mtu binafsi si kitu kigeni katika Kiswahili. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya ishirini, yamejaa mapigano, na Shaaban Robert mwenyewe aliandika Maisha Yangu. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Askari hakuupita.

Kagera, na mkutano wa Moshi

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Wanajeshi na mgambo walikwenda kutoka kila mkoa, Kilimanjaro ukiwa mmojawapo. Februari 1979 walifika Masaka na Mbarara. Tarehe 10 na 11 Machi walipigana Lukaya. Na tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwao. Mwanzoni mwa Juni walifika mpaka wa Sudan.

Katika vita hivi Moshi ilipata nafasi ya pekee. Kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana hapo, vikaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi. Maazimio yao yamehifadhiwa, na kila mwanafunzi wa historia anaweza kuyasoma. Wakati huohuo, kijana aliyezaliwa Machame au Rombo, ambaye labda miezi sita kabla yake alikuwa akipalilia kahawa ya babake, alikuwa amelala kwenye handaki njiani kuelekea Kampala. Maneno ya ukumbini yaliandikwa. Ya handakini hayakuandikwa.

Vita vilipokwisha, vitabu vilitoka haraka. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980. Henry Muhanika alitoa utenzi wa vita vya Kagera mwaka 1981. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari, walichapisha hapa Dar es Salaam mwaka 1982 kitabu chao kuhusu vita hivyo. Vyote vinastahili kusomwa. Lakini tazama ajabu hii: kumbukumbu inayojulikana zaidi ya mpiganaji wa cheo cha kati katika vita hivyo ni ya Bernard Rwehururu, iliyotoka 2002, naye alikuwa afisa wa jeshi la Amin! Aliyeshindwa ameandika. Aliyeshinda amenyamaza.

Sababu za ukimya

Ukimya huu haukosi sababu. Ya kwanza ni heshima ya ushindi. Taifa likishinda vita vya haki huhitaji mashujaa, na shujaa hatazamiwi kutetemeka. Kila mwaka tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa wetu, na waliolala katika makaburi ya Kaboya mkoani Kagera wanastahili heshima hiyo. Lakini aliye hai huona haya kusema kwamba aliogopa, akidhani atawavunjia heshima wenzake waliokufa.

Ya pili ni kiapo. Askari huapa kutunza siri za jeshi, na wengi huhesabu kila kitu kuwa siri, hata machozi yao. Yafaa tutofautishe. Mpango wa mapigano ni siri ya jeshi. Jinamizi la mzee aliyestaafu miaka mingi iliyopita si siri ya mtu yeyote ila yake.

Ya tatu ni aibu ya wazimu. Hospitali ya Mirembe huko Dodoma, iliyoanza 1927, imewasaidia wengi. Lakini katika mazungumzo yetu jina lake limegeuzwa kuwa dhihaka. Anayesema kwamba halali usiku huogopa kuambiwa kwamba anafaa kupelekwa huko. Basi hunyamaza. Na wahenga wametuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ya nne, ambayo hutajwa kwa nadra, ni kwamba ukimya wa askari umebebwa na watu wengine. Nyumbani kwake mtu huyu ana mke. Mke ndiye anayeamshwa na kelele za usiku, ndiye anayewaambia watoto wasimkaribie baba kwa ghafla, ndiye anayejua kwamba mbege ya jioni si ya sherehe. Watoto hukua wakidhani kwamba baba ni mkali kwa tabia. Hivyo vita vilivyokwisha 1979 huendelea katika nyumba moja moja bila kutangazwa.

Wajibu wetu

Yupo atakayeuliza: je, ni haki kumfanya mzee alifumbue tena jeraha ambalo amelifunika kwa zaidi ya miaka 40? Swali hili ni la haki, na mwalimu asilipuuze. Kumbukumbu si dawa kwa kila mtu. Wapo walioandika wakapata nafuu, kwa kuwa jambo lililopewa maneno na mpangilio hupunguza nguvu ya kumvamia mtu bila taarifa. Wapo pia ambao kusimulia kumewarudishia maumivu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mzee ndiye mwenye habari yake. Akitaka kusema, asikilizwe. Akitaka kunyamaza, ukimya wake uheshimiwe.

Kanuni ya pili ni adabu ya kuuliza. Mwanafunzi asiende kwa mzee na swali la kitoto, "Uliua wangapi?" Swali hilo limewafunga wengi vinywa. Na aanze na mambo ya kawaida: Ulikula nini? Uliandikiana barua na nani? Rafiki yako alikuwa nani? Siku uliporudi nyumbani, nani alikupokea? Mzee mwenyewe ataamua ni lini atavuka mto. Na mzee akilia, mwanafunzi aifunge daftari, asiendelee kuandika.

Kanuni ya tatu ni lugha. Mzee asimulie kwa lugha inayomjia, iwe Kichagga au Kiswahili, na maneno yake yaandikwe jinsi alivyoyasema. Tusiyapambe ili yafanane na gwaride. Akisema kwamba alijificha, tuandike kwamba alijificha. Hofu yake haipunguzi ushindi wetu. Inatuonyesha bei yake. Na mahali ambapo maumivu ni makubwa kupita uwezo wa daftari, aelekezwe kwa waganga. Hospitali zipo, na ya rufaa ya KCMC imekuwapo Moshi tangu 1971.

Tuhesabu miaka. Waliopigana Latema wamekwisha wote. Waliorudi kutoka Burma karibu wote wamekwisha. Kijana aliyekuwa na miaka 18 alipovuka Kagera leo amepita miaka 60, na waliokuwa wakubwa kwake wanazidi kupungua kila mwaka. Mtui aliwahi kukaa Marangu na kuandika habari za wazee kabla hawajafa, huku dunia ikiwaka moto kumzunguka. Alikuwa mwalimu tu, mwenye daftari na subira. Daftari zipo leo katika kila shule kuanzia Siha hata Rombo, na wazee wangali wamekaa chini ya migomba yao. Sanamu ya shaba haiwezi kutuambia usiku wa vita ulikuwaje. Mzee yule anaweza, akitaka, na tukijua kumwuliza.